Diski ya Windows inapokataa kuandikwa kwenye Mac

Unachomeka diski ya nje kwenye Mac, jina lake linatokea, unafungua folda, picha zote zipo na video zinacheza vizuri. Halafu unavuta faili moja uitie humo ndani, inakataa. Unataka kufuta kitu, hakifutiki. Unataka kuunda folda mpya, neno lenyewe kwenye menyu limefifia. Hapo ndipo hapa kwetu Lubumbashi mtu anaanza kusema diski imekufa, kebo ni ya bandia, au Mac imeingia virusi. Anampigia simu kijana anayejua mashini, na kijana naye anajibu haraka: tufomati tu, itapona.

Usifomati, maana kufomati ni kufuta kila kilichomo. Ngoja kwanza.

Mimi kazi yangu ni kuunganisha video, hasa za harusi, na nje ya msimu za sherehe za shule na za makampuni. Diski zinazofika mezani kwangu zinatoka kwa wapiga picha wa mitaa yetu ya Kenya na Katuba hapa mjini, kwa ndugu wa bibi harusi, na mara nyingine kwa wahandisi wanaokuja kutoka Kolwezi na picha za drone. Karibu wote hao wanatumia Windows, mimi natumia Mac, na kila msimu wa harusi swali ni lile lile. Nimeona niliandike jibu mahali pamoja, maana kwenye simu naishia kulieleza nusunusu.

Diski nyingi za nje, hasa zile kubwa za kuzunguka (zenye sahani inayozunguka ndani), na karibu kila diski iliyotolewa ndani ya mashini ya Windows, zimefomatiwa kwa NTFS. Huo ni mfumo wa faili, yaani namna ya kupanga faili ndani ya diski, ambao Microsoft ilitoa mwaka 1993 pamoja na Windows NT. Mac inausoma tangu toleo la Panther la mwaka 2003, na Apple ikaishia hapo: kuandika haijawahi kukuwezesha rasmi. Kwa hiyo diski yako ni nzima, kebo ni nzima, na Mac haina ugonjwa.

Lakini hakikisha, usikisie. Bofya diski mara moja, kisha bonyeza Command na I kwa pamoja. Linafunguka dirisha la «Lire les informations». Nataja majina ya Kifaransa kwa sababu mashini nyingi hapa zimewekwa Kifaransa. Tafuta mstari wa «Format». Ukisoma NTFS, jambo ni hilo nililoeleza. Ukisoma ExFAT au MS-DOS, ambayo ni mifumo mingine ya faili, diski ilipaswa kuandikika, na kilichoizuia ni kitu kingine ambacho nitakifikia chini.

Kuna hali ya tatu, nayo ndiyo inayonitisha. Diski haitokei kabisa, badala yake unapata ujumbe kwamba diski uliyochomeka haisomeki na kompyuta hii, na vitufe vitatu: «Initialiser», «Ignorer», «Éjecter». Kile cha kwanza kinavutia kwa sababu kinasikika kama matibabu. Kinakupeleka kwenye «Utilitaire de disque», na ukiwa pale, kati yako na kufuta kila kitu kumebaki kitufe kimoja. Bonyeza «Éjecter», chomoa, urudishe diski kwenye mashini ya Windows ilikotoka. Mara nyingi utakuta imefungwa kwa BitLocker, ulinzi wa Windows ambao Mac haiufungui yenyewe. Mwenye diski anahitaji neno lake la siri, au ufunguo wa akiba wenye tarakimu 48, na kama hana hata kimoja, hakuna fundi wa avenue yoyote atakayemsaidia. Diski za makampuni ndizo zinazokuja hivyo zaidi, kwa hiyo mhandisi akiniletea diski namuuliza habari ya BitLocker kabla hajaketi.

Sasa tuseme ni NTFS. Watu wanauliza mara moja programu gani iwekwe ili Mac iandike. Mimi nauliza kwanza: diski ni ya nani?

Kama ni ya mteja, siandiki ndani yake, hata siku ambayo mashini yangu inaweza. Mara nyingi diski hiyo ndiyo nakala pekee ya harusi ya watu, na harusi hairudiwi. Ikija kuharibika baada ya miezi, hata kama mtoto aliiangusha nyumbani kwao, aliyeishika mwisho ndiye atakayeulizwa. Hapo kule kukataa kwa Mac kunanifaa sana: siwezi kufuta kitu kwa bahati mbaya, wala Mac haiachi vile vifaili vyake vya .DS_Store, vya kukumbuka mpangilio wa folda, katika kila folda ninayofungua. Nanakili kila kitu kwenye diski yangu, nafanya kazi humo, na kazi iliyokwisha natoa kwenye flashi nyingine. Wapo wanaonung'unika. Kijana mmoja mpiga picha aliniambia, «Yaya (yaani mkubwa wangu), si uiweke tu kwenye hii hii, nafasi ipo?» Nikamwambia, «Mdogo wangu, ya kwako narudisha kama ilivyokuja. Niletee flashi.» Akaleta.

Kama diski ni yako mwenyewe, na unaitumia kati ya Mac na Windows, jibu langu ni fupi: hamisha vilivyomo, kisha uifomati kwa exFAT. Huu nao ni mfumo wa Microsoft, ulitoka mwaka 2006, na Mac inausoma na kuuandika tangu toleo la 10.6.5 la mwaka 2010, kwa hiyo hata Mac kuukuu iliyopita mikono mingi inaukubali. Kadi za SDXC, yaani zile za gigabaiti 64 na kuendelea, zinakuja zimefomatiwa kwa exFAT toka kiwandani. Ndiyo maana kadi ya kamera yako haijawahi kukusumbua, hali diski iliyo kando yake inakusumbua.

Fungua «Utilitaire de disque». Kabla ya lolote nenda kwenye menyu ya «Présentation», uchague «Afficher tous les appareils», maana bila hivyo unaona sehemu ya ndani tu na huioni diski yenyewe. Chagua diski ile ya juu kabisa, yenye jina la kiwanda, kisha «Effacer». Kwenye format weka ExFAT. Kwenye «Schéma», yaani namna diski inavyogawanywa, ndipo watu wanapopita bila kusoma. Ukichagua «Table de partition GUID», mashini za Windows za sasa zitaikubali vizuri. Lakini kama flashi itakwenda kwenye televisheni ya ukumbini, kwenye redio ya gari au kwenye dekoda ya zamani, chagua «Enregistrement de démarrage principal», kwa sababu vyombo vingi vya namna hiyo havijui GUID. Na kama chombo hakijui hata exFAT, umebaki na FAT32, iitwayo MS-DOS kwenye orodha hiyo, ambayo haipokei faili moja inayofika gigabaiti 4. Video ya 4K inayorekodiwa kwa megabiti 100 kwa sekunde inafika kiwango hicho kabla ya dakika ya sita. Kwa hiyo FAT32 ni ya nyimbo na ya video fupi iliyobanwa, basi.

Sasa ubaya wa exFAT, ambao mafundi wengi hawausemi. NTFS inaweka daftari la kila badiliko inaloanza kufanya, hata umeme ukikatika katikati inajua ilikuwa imefika wapi. exFAT haina daftari hilo. Ukichomoa diski wakati inaandika, au umeme ukikatika huku diski kubwa yenye adapta yake iko kwenye soketi, unaweza kupoteza zaidi ya ile faili iliyokuwa inanakiliwa. Katika mji ambao umeme unaondoka bila kuaga, hilo si jambo dogo. Kwa hiyo: diski ndogo inayokula umeme wa laptopu ni salama kuliko kubwa ya ukutani, isipokuwa una onduleri (kifaa cha akiba ya umeme), kila mara toa kwa «Éjecter» na usubiri jina lipotee, na usiifanye diski ya exFAT kuwa ghala lako la pekee. Mimi naitumia kama diski ya kusafirishia. Ghala langu liko kwenye diski nyingine iliyofomatiwa kwa mfumo wa Mac, ambayo haitoki nyumbani.

Vilevile mteja akifungua diski hiyo kwenye Windows ataona faili za ajabu zinazoanza na nukta na kistari cha chini, moja kwa kila video, na ataapa kwamba umempa virusi. Ni maelezo ambayo Mac inayaandika pembeni kwa sababu exFAT haina mahali pa kuyaweka. Kabla ya kumkabidhi, fungua Terminali (dirisha la amri la Mac), andika dot_clean -m, acha nafasi, uvute diski ndani ya dirisha hilo, ubonyeze kitufe cha kurudi. Zinaondoka. Na majina ya faili yasiwe na alama ya kuuliza, nyota wala mstari wima, Mac inayavumilia lakini Windows haiyataki.

Kuna njia ambayo nashangaa haitumiki sana, nayo haigusi format ya mtu yeyote: mtandao. Diski inabaki imechomekwa kwenye mashini ya Windows, Mac inaiandikia kupitia mtandao. Anayeandika kwenye NTFS hapo ni Windows mwenyewe, kwa njia zake, Mac inamkabidhi tu faili. Kwenye Windows bofya kulia folda, «Propriétés», kisha «Partage», na umpe mtumiaji haki ya kuandika. Kwenye Mac, ukiwa Finder, bonyeza Command na K, andika smb:// ikifuatwa na anwani ya IP ya ile mashini, ambayo unaipata kwa kuandika ipconfig kwenye dirisha la amri la Windows.

Watu wanakwama hapa kwa vitu viwili. Kimoja, Windows haimruhusu mtumiaji asiye na neno la siri kuingia kupitia mtandao, na ile PIN fupi ya kufungulia mashini haihesabiki. Lazima neno la siri la akaunti. Cha pili, mtandao umewekwa «Public» na Windows inajificha. Ubadilishe uwe «Privé». Ruta yoyote inafaa, hata isiyo na intaneti kabisa, kwa hiyo hamtakula hata megabaiti moja ya vifurushi. Kwa nyaraka na picha Wi-Fi inatosha. Kwa video, tafuta kebo ya Etherneti na, kama Mac yako haina tundu lake, kiunganishi kidogo cha USB. Mtandao wa gigabiti moja unapitisha karibu megabaiti 110 kwa sekunde kama diski yenyewe inaweza, maana yake gigabaiti 100 kwa robo saa hivi. Diski ya kuzunguka ya kawaida haiendi kasi zaidi ya hapo sana hata ukiichomeka moja kwa moja.

Imebaki hali ya mtu ambaye lazima aandike kwenye NTFS yenyewe. Kwa mfano ofisi imekupa diski yao, imejaa, hairuhusiwi kufomatiwa, na inataka matokeo yarudi humo humo. Hapo unahitaji draiva, yaani programu inayoiwezesha Mac kuandika kwenye NTFS. Zinazolipiwa na kujulikana ni ya Paragon na ya Tuxera, na zote mbili unaweza kuzijaribu kwa muda kabla ya kununua. Ya bure ni macFUSE ikiunganishwa na NTFS-3G, lakini hiyo ni ya mtu asiyeogopa Terminali, na kasi yake ni ndogo. Kama kazi hii inakulisha, nunua. Kama ni ya siku moja, tumia muda wa majaribio, kisha ondoa.

Toleo lililovunjwa, yaani la wizi lisilolipiwa, linalopita kwenye vikundi vya WhatsApp usiliguse. Draiva ya faili inapewa nafasi ndani kabisa ya mfumo, na inaona kila baiti inayoingia na kutoka kwenye diski. Kumpa nafasi hiyo mtu usiyemjua ni kumkabidhi mgeni funguo za nyumba na kwenda sokoni.

Kwenye Mac za chipu za Apple, zile zilizoanza na M1 mwishoni mwa 2020, draiva za namna hii kwa kawaida zinadai hatua ya ziada. Unazima mashini, unashikilia kitufe cha kuwashia mpaka zitokee chaguo za kuanzia, unaingia kwenye kifaa cha usalama wa kuanzia, unachagua «Sécurité réduite» na kuruhusu viendelezi vya kerneli, yaani programu za nje zinazoingia kwenye kiini cha mfumo. Programu inapokueleza hivyo haikudanganyi, ndivyo Apple ilivyopanga. Lakini ni kupunguza ulinzi wa mashini nzima kwa ajili ya diski moja, na ndiyo sababu nyingine inayonifanya nianze na mtandao. Tena, baada ya kila toleo kubwa la macOS draiva inaweza kugoma mpaka mwenye kuitengeneza atoe mpya. Usisasishe Mac siku ya Ijumaa ukiwa na harusi Jumamosi.

Bado utakutana na maelezo ya zamani yanayosema uandike mstari mmoja kwenye faili iitwayo fstab, na Mac itaanza kuandika NTFS bure. Yalikuwa kweli kwa namna fulani: uwezo huo ulikuwemo, umefichwa, Apple haikuutetea, na diski ziliweza kuharibika. Tangu macOS Ventura ya 2022 ujanja huo hauna kazi tena. Usipoteze usiku wako.

Na kama draiva imewekwa vizuri lakini diski bado ni ya kusoma tu? Mara nyingi lawama iko upande wa Windows. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012 kuna kitu kiitwacho «démarrage rapide». Unapozima mashini haizimi yote, inahifadhi sehemu ya hali yake ili iwake haraka kesho, na diski za NTFS zilizokuwemo zinabaki na alama kwamba bado zinatumika. Draiva nzuri ikiiona alama hiyo inakataa kuandika, nayo inafanya vyema. Rudisha diski kwenye Windows, shikilia Shift huku ukibofya «Arrêter», au ufanye «Redémarrer», ambayo inazima kweli kabla ya kuwasha. Kisha toa diski kwa utaratibu wa Windows wa kutoa kwa usalama. Ikiwa bado, fungua dirisha la amri kama msimamizi na uandike chkdsk (amri ya Windows ya kukagua diski), herufi ya diski na nukta mbili, kisha /f. Marekebisho ya NTFS yafanyie Windows, «Utilitaire de disque» ya Mac haina dawa ya mfumo huo.

Nilisema nitairudia ile exFAT inayokataa. Kama ni kadi ya kamera, tazama kidude cha plastiki ubavuni mwa kadi au cha adapta yake. Kikishuka, kadi imefungwa, na kwenye adapta zilizochoka kinashuka chenyewe wakati wa kuingiza. Kama ni diski iliyochomolewa vibaya, Mac inaanza kuikagua kimya kimya kabla ya kuionyesha. Unakaa unasubiri, hakuna kitu, unadhani imekufa, unachomoa tena, na kazi inaanza upya ikiwa mbaya zaidi. Fungua «Moniteur d'activité» na utafute fsck_exfat. Ukiiona, acha diski ilipo, hata kama ni saa nzima, uende ukale bukari.

Ikishatokea ikiwa ya kusoma tu, nakili kwanza kilichomo, halafu ndipo uipitishe kwenye «S.O.S.» ya «Utilitaire de disque», au chkdsk kama kuna Windows karibu, ambayo kwa exFAT naiamini zaidi. Jaribu pia tundu jingine bila kile kigawanyio cha USB, maana diski ya kuzunguka yenye njaa ya umeme inajitenga na kurudi, na kila kurudi ni kama imechomolewa. Ikipona, endelea nayo. Ikirudia baada ya juma, huku inapiga kelele za kugonga au kunakili kunasimama mahali pale pale, hiyo sasa kweli inakufa, na fedha ya draiva uipeleke kwenye diski mpya.